Bashahidi ba Poto

Kila mji una mahali pake pa kutengenezea uongo. Wakubwa wana redio, na sisi wa Rubaya tuna benchi ya Muhindo. Ni ubao mmoja wa mkaratusi juu ya matofali, mbele ya duka la misumari na sabuni, na juu yake, kwenye boriti ya baraza, kuna msumari mmoja ambao watu wanauheshimu kuliko bendera ya ofisi. Ule msumari njo rezo ya mtaa, mtandao wetu wote wa simu. Tundika telefone pale ndani ya mfuko wa plastiki, utapata dunia nzima. Ishushe kiganja kimoja tu, dunia imepotea. Basi telefone inaning'inia, wenyewe wanakaa chini yake na kahawa ya Mama Kasoki mkononi, na kila mara mmoja anasimama, ananyoosha shingo, anasoma kitu, kisha anakaa tena na hekima mpya. Mwaka ule barabara ilikuwa imefungwa, malori hayapandi wala hayashuki, usiku milio inasikika upande wa milima, na wanaume wenye kazi zao walikuwa hawana kazi. Na mwanaume asiye na kazi akipata kahawa, Mungu atusaidie.

Asubuhi hiyo Kayitare alifika benchini na bidoni ya maziwa na neno moja. Maziwa aliyatoa upesi, Mama Kasoki akayapokea, akayatia ndani ya sufuria. Neno lilibaki kooni.

Kayitare alikuwa mtu wa ng'ombe, wa kule juu upande wa Ngungu, aliyeshuka na familia yake vita ilipofika mlangoni. Benchini walimwita Maziwa. Hakukasirika, kwani kuna majina mabaya zaidi na aliyajua yote. Shida yake ilikuwa hii: shefu wa mtaa ametangaza kwamba kuanzia kesho hakuna mtu wa kupita bariere ya juu bila karatasi ya ukaaji, na kwa mtu kama Kayitare karatasi haitoki bila mashahidi wawili, wasio ndugu zake, waliomjua mbele ya vita, kabla hajashuka. "Mtu kama Kayitare" ni mtu wa namna gani, shefu hakueleza, na hakuna aliyeuliza. Ng'ombe waliobaki walikuwa ng'ambo ya ile bariere, kwa shemeji yake. Bila karatasi, hakuna ng'ombe; bila ng'ombe, hakuna maziwa; na bila maziwa Kayitare angekula nini na watoto wake, majina?

Emérita, mke wake, alikuwa kwenye foleni kwa shefu tangu alfajiri, akimshikia nafasi. Kazi ya Kayitare mwenyewe ilikuwa ndogo. Aje benchini, aombe watu wawili wasimame, watembee mpaka ofisini, waseme "huyu tunamujua," warudi kwenye kahawa yao. Alikuwa amewachagua usiku akiwa hana usingizi: Koch Kasika, ambaye watoto wake wote walikua kwa maziwa yake, na Muhindo mwenye duka, mtu wa Butembo, ambaye mbele ya vita alikuwa akipakia bidoni zake ndani ya Fuso kila juma.

Lakini huwezi kuingia kijiweni na shida yako mkononi kama mgonjwa anaingia hospitali. Unakaa, unakunywa, unangojea mazungumzo yapumue kidogo, ndipo unaiweka. Kayitare akakaa. Akajiambia atasema baada ya kikombe cha kwanza. Kikombe cha kwanza kikaisha, na mazungumzo hayakupumua, kwa sababu walikuwa wanazungumza juu ya Poto.

Poto ni mchezaji wa baskete. Ana miaka kumi na nane, urefu wa metre mbili na zaidi kidogo, na hana mwili. Anaishi ndani ya telefone ya Koch Kasika. Ni mchezo wa watu wengi wa dunia: kila mmoja ana ekipe yake, timu yake, mashini njo inacheza mechi, wewe kazi yako ni kupanga na kufundisha. Kila msimu mashini inakuzalia vijana wawili watatu, wengi wao hawafai hata kubeba maji ya wenzao. Poto alifaa. Siku alipozaliwa Kasika alipiga kelele mpaka watu wakakimbia wakidhani ni bomu. Na huyu Kasika, mjue, hajawahi kuingiza mpira ndani ya kikapu maishani mwake. Mara moja alijaribu, akavunja dirisha la kanisa la paroisse, ndipo akagundua kwamba wito wake ni kuwa koch.

Sheria ya ule mchezo ni moja, na benchi nzima walikuwa wameikariri kama katekismu: mtoto anajifunza kile anachocheza. Ukitaka mrefu ajifunze kupiga pasi, usimweke chini ya kikapu anapostahili. Mweke mbele, pale pa kuongoza wenzake, acheze mechi nzima, apotee, aaibike. Utapigwa, lakini mtoto atakua. Kwa hiyo ekipe ya Koch, Ngufu ya Rubaya, ilikuwa imepigwa msimu mzima, na Koch alitangaza kila kipigo kama ubatizo.

— Juzi balitutwanga vibaya sana, alisema siku hiyo, akiwa na furaha ya kweli usoni. Lakini Poto alicheza muchezo yote. Pasi imepanda.

— Koch, Muhindo akamjibu, miye nikiuza sabuni na hasara mwaka muzima, bibi yangu ataniita koch pia?

Muhindo alikuwa na nadharia yake. Pasi ni biashara, alisema; unatoa kitu chako unampa mwingine, kwa hiyo lazima ujue kitarudi lini. Huyo mtoto apewe duka dogo kwanza. Koch akamweleza kwamba ndani ya mchezo hakuna duka. Muhindo akasema njo maana wanapigwa.

Wa tatu pale ni Pierre, ila usimwite Pierre, hataitika. Anaitwa Omate, kwa kuwa alienda Omate kuchimba dhahabu akiwa na miguu miwili mizima, akarudi na mmoja wa kuchechemea na hadithi nyingi. Kwake yeye kila kitu cha dunia hii kinajifunziwa ndani ya shimo. Alisema kule chini wanapitishiana mifuko gizani, mkono kwa mkono, na hakuna mtu anayeuliza mwenzake yuko wapi, kwani mfuko ukianguka mumekufa. Hiyo njo pasi. Mpaka hapo watu walitikisa kichwa, hata Kayitare akaona kuna akili. Lakini Omate hakuzoea kusimama mahali penye akili.

— Sasa bamushushe mulima na mifuko ya madini ya koltan, akaendelea. Kila siku, na mutope. Samaki mukunje angali mubichi. Mugongo ikijikunja, mikono itakaribia chini, mupira hautamuponyoka.

— Mutoto wa metre mbili tunamutafuta ju ya urefu, Koch akasema, weye unataka kumukunja?

— Haraka haraka haina baraka, Omate akajibu, na hakuna aliyejua ile methali imekuja kufanya nini pale, lakini ilisemwa kwa sauti nzito, ikapita.

Wakamgeukia Kayitare. Kwa mambo ya kukua, yeye njo mtaalamu. Mtu ambaye ameona ndama wengi hawezi kukosa neno juu ya mtoto. Na Kayitare, aibu yake iko hapa, alisahau shida yake akajibu kwa moyo. Alisema ndama mrefu anakawia kusimama vizuri, miguu yake iko mbali na kichwa, habari inachukua muda kufika. Ukimkimbiza anavunjika. Mwacheni Poto apotee, mumpe muda, pasi itakuja yenyewe. Koch alimpiga begani na kusema Maziwa njo msaidizi wake wa kweli. Kayitare alijisikia vizuri. Ukweli ni kwamba alimpenda yule Poto. Hata nyumbani alikuwa akimsimulia Emérita jinsi mtoto alivyoendelea, na Emérita alikuwa akiuliza kama mtoto huyo atalipa masomo ya nani.

Basi akaona hapa, mkono wa Koch ukiwa bado begani, njo mahali pa kuliweka lile neno. Akakohoa. Na telefone ikalia juu ya msumari.

Koch alikuwa ndiyo kwanza ameongezewa kahawa, kikombe kimejaa mpaka mdomoni, hawezi kusimama. Akamwambia Muhindo asome, kwa kuwa yeye alikuwa amesimama kwenye mlango wa duka. Muhindo akavaa miwani yake iliyofungwa na uzi, akanyoosha shingo, akaanza kusoma kifaransa polepole na kukigeuza kiswahili.

— Bwana Kasika. Miye njo koch wa ekipe nasionale ya Congo, ya vijana ba chini ya miaka makumi mbili na moja. Anaandika kutoka Letonia.

Benchi ikakaa wima. Omate akauliza Letonia iko upande gani wa Kinshasa. Koch akaeleza kwamba ni nchi ya Wazungu, ya baridi, na yule bwana kazi yake ni kung'oa meno. Lakini ndani ya mchezo wenye ekipe za Congo wanapiga kura kuchagua koch wa taifa, na kura zilimwangukia yeye.

— Hata mu telefone, Omate akasema. Hata Congo ya muchezo, bazungu bamekamata.

— Haukuweka jina yako, Koch? Muhindo akauliza.

— Niliweka.

— Ulipata kura ngapi?

— Moja, ya kwangu mwenyewe, Koch akasema. Na ile pia rezo ilikata mbele ifike.

Walicheka, lakini Omate alikuwa ameshafika mbali. Muganga wa meno anatumia nini? Mashini. Ndani ya mashini kuna nini? Koltan. Kwa hiyo huyo mtu hatafuti Poto, anatafuta kilima kile pale tunapoichimba, na Poto ni njia tu. Mwenye macho haambiwi tazama. Muhindo akamwambia anyamaze, barua haijaisha, akarudisha miwani kwenye pua.

— Niko nafuata mutoto wako tangu mwanzo wa msimu. Kama unakubali kuendelea kumufundisha pasi mpaka mwisho, nitamuita mu ekipe nasionale. Unijibu leo mbele ya antrenema, mbele ya mazoezi. Niko nafurahi sana na maendeleo ya Edmond Bisengi…

Koch akaruka. Kahawa yote ikamwagika kwenye suruali yake, akapiga kelele ya kuungua, akanyoosha mkono kwenye msumari. Alichelewa.

— …mana, Muhindo akamaliza. Edmond Bisengimana. Huyu njo nani? Poto iko wapi?

Koch akakaa polepole juu ya maji ya kahawa.

— Njo Poto, akasema.

Omate akaangalia barabara. Muhindo akavua miwani akaanza kuifuta na shati, akaifuta kuliko ilivyokuwa chafu. Mama Kasoki akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Waliangalia kila kitu kilichokuwepo Rubaya asubuhi ile, ila hawakumwangalia Kayitare. Na Kayitare akaelewa kitu kimoja ambacho kiliuma mbele ya maneno yenyewe kuanza: Koch alijua. Tangu siku ya kwanza alisoma lile jina, jina la watu wa ng'ombe kama Kayitare, ambao mtaani wanaitwa wageni wa ng'ambo ya mpaka, akalificha chini ya lingine, kwa amani ya benchi.

— Ulituambia anaitwa Poto, Omate akasema.

— Poto ni jina ya nyumbani.

— Na jina ya mbele ya serkali njo iyo?

Omate hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema wazi kile wengine wanachofikiri, na watu wanaisifu hiyo tabia kwa sababu hawajawahi kuwa wao wanaosemwa. Alisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Alisema yeye tangu zamani alikuwa akijiuliza, mtoto wa huku anapata wapi metre mbili.

— Jana ulisema ni ju ya kula mboga ya lengalenga, Koch akamkumbusha.

— Jana nilikuwa sijajua jina.

Muhindo akaingia kwa upole, kama anavyoingia katika kila jambo lenye hatari. Alisema yeye hana ubaguzi, yeye ni mtu wa biashara, Fuso yake ilibeba watu wote na mbuzi wote, haikuuliza. Lakini ekipe nasionale ni ekipe nasionale.

— Iko lazima tujue babu yake alitoka wapi.

— Papa Muhindo, hana babu, Koch akasema. Mashini njo ilimuzaa.

— Njo muone sasa. Hata babu hana.

— Bendera ya Congo iko pembeni ya jina yake. Simama uangalie.

— Bendera, Omate akasema, mutu yeyote anaweza kushona.

Kayitare alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na maziwa yake mwenyewe, na ndani ya vikombe vyao pia. Baba yake amezikwa kule juu ya Ngungu, na baba wa baba yake pembeni yake, chini ya majani ambayo sasa anayakanyaga nani, hajui. Alitaka kusema. Lakini aseme nini? Hakuna aliyemtaja. Walikuwa wanazungumza juu ya kijana wa kwenye telefone, na ukijitetea kabla hujashitakiwa, watu watauliza umejuaje. Iliuma, na iliuma zaidi kwa kuwa walikuwa wanasema vile na sauti ya kawaida, sauti ileile ya kubishana juu ya bei ya sabuni. Lile neno lake likarudi tumboni.

Mama Kasoki njo aliyewaamsha. Aliwaambia kahawa inakaribia kuisha, na saa sita wanazima antena kwa sababu mazuti, mafuta ya mtambo, ni kidogo. Kama wanamjibu mtu wa meno wamjibu, kama hawamjibu wanyamaze.

Koch akawaomba. Na Koch akiomba anageuka kuwa mtu mwingine, mashavu yanashuka, unakumbuka kwamba alikuwa mwalimu mpaka shule ilipogeuka makao ya waliokimbia. Aliwauliza kama vipigo vyote vile vya msimu mzima vitakuwa vya bure. Akawaeleza kitu ambacho hakuwahi kuwaeleza: mchezaji akiitwa taifa, kwenye ukurasa wa dunia wanaandika na jina la ekipe iliyomlea.

— Bataandika Ngufu ya Rubaya, alisema. Dunia nzima itasoma Rubaya, na haitakuwa habari ya bafu, ya benye bamekufa.

Hilo liliingia. Ulikuwa unaliona likiingia. Kwa muda kidogo kila mmoja aliona jina la mji wake limeandikwa mahali pasipo na hesabu ya maiti, na hata mimi ninayewacheka hapa sitawacheka kwa hilo. Muhindo akarudisha miwani.

— Ngojea kwanza, akasema. Bisengimana. Kulikuwa Bisengimana mumoja.

— Wapi?

— Marehemu papa yangu alimubebaka mu camion, mu lori yake. Mwaka ya mafuriko. Alilipa na mbuzi. Papa alimuuliza, weye ni wa wapi? Akajibu: wa hapa hapa. Papa alinielezea miye mwenyewe, na papa yangu hakuwa mutu wa bongo, hakujua uongo, alikuwa mukristo wa misa ya asubui.

Mbele ya dakika kupita, yule mzee wa mbuzi alikuwa babu wa Poto. Omate naye hakutaka kubaki nyuma. Akakumbuka kwamba kule Omate alichimba shimo moja na mjomba wa mtoto, mtu mrefu kupita kiasi, alikuwa anachimba akiwa amepiga magoti na bado kichwa kinagusa juu. Na tarehe ya uhuru mjomba huyo aliimba wimbo wa taifa peke yake ndani ya shimo mpaka mwisho, maneno yote.

— Mpaka mwisho, Omate akarudia. Miye mwenyewe nashindwaka katikati.

— Na mama yake? Muhindo akauliza. Upande wa mama njo bataleta maneno.

Hapo walikwama, kwa kuwa mama yake alikuwa mashini. Koch akafikiri. Akaangalia telefone yake ikining'inia kwenye mfuko, akaangalia kilima ng'ambo ya bonde, mahali watu walionekana wadogo wakishuka na mizigo, akapiga goti lake lililoungua.

— Mashini ndani yake iko nini?

— Koltan, Omate akajibu, maana alikuwa amekwisha kusema.

— Ya wapi?

Walielewa pamoja. Kumbe. Mama wa mtoto alitoka kwenye shimo lao. Alibebwa mgongoni na watu wa hapa, akashushwa kwenye matope ya hapa, akaenda ng'ambo kwa Wazungu na Wachina, akamzaa mtoto, na mtoto amerudi nyumbani kwa njia ya rezo. Omate, yule wa kuku na kamba, alisimama na mguu wake mbovu akatangaza kwamba hakuna Mkongomani anayemshinda Edmond. Wengine wamezaliwa juu ya udongo huu, yeye amezaliwa na udongo wenyewe. Akainua mkono kuelekea kanisani. Minashuhudia. Muhindo akainua wake, minashuhudia. Koch akainua yote miwili. Walicheka mpaka machozi, wakapigana mabega.

Kayitare naye alicheka. Mtu asiniambie hakucheka, ilikuwa inachekesha. Na katikati ya kicheko akapata tumaini, tumaini la kweli, akajiona mjinga kwa kununa. Tazama jinsi ushahidi ulivyo mwepesi kwenye vinywa vyao. Kwa mtoto asiye na babu wametafuta babu, mjomba na mama, na hawakuchoka. Kwake hawahitaji kutafuta kitu. Maziwa yake wameyanywa, na siku ya kumzika baba yake, Muhindo alifika kaburini. Mikono ya ushahidi ndiyo kwanza imeshuka. Akaweka kikombe chini.

— Koch, akasema.

— Ngojea kidogo, Maziwa, niko natuma.

Koch alisimama juu ya benchi, akaandika na kidole kimoja, akisoma kwa sauti kila neno: mutoto ni wetu, bashahidi tuko hapa. Akabonyeza. Wakangoja wote mpaka ile alama ndogo ikazunguka, ikaisha. Imekwenda.

Na njo hapo Emérita akafika.

Alikuja kwa miguu ya haraka, vumbi mpaka magotini, kitenge kimelegea. Lakini hakuruka adabu. Alisimama mbele ya benchi akasalimu kila mmoja kwa jina lake: Papa Muhindo, Koch, kaka Pierre, mama Kasoki. Wakaitika vizuri, hata Omate, bado wana machozi ya kicheko machoni. Ndipo akamgeukia mume wake.

— Tumefikiwa, zamu ni yetu, akasema. Shefu anafunga saa sita. Bashahidi benye ulisema, njo banani?

Jibu halikuwa la Kayitare. Aligeuka tu akawaangalia, Koch kwanza, halafu Muhindo.

— Bashahidi ba nini? Omate akauliza.

Emérita akawaeleza, kwa maneno machache, akidhani mume wake amekwisha kuwaeleza. Watu wawili. Wa kusema tu kwamba wanamjua, ni wa hapa. Wanarudi mbele ya kahawa kupoa.

Koch akashuka kutoka benchini. Akaishusha na telefone, akaanza kuisugua kwenye shati kama ina kitu. Omate akaunyoosha ule mguu wake mbovu mbele ya watu wote, mguu ambao dakika chache zilizopita ulimsimamisha vizuri sana kumshuhudia Edmond. Muhindo njo alijaribu kusema, kwa sababu duka ni lake na benchi ni yake.

— Mama Emérita, unajua siku hizi. Kule kwa shefu shahidi anaandika na jina yake mwenyewe. Leo shefu ni huyu. Kesho bakikuja bengine, bakikuta jina yangu pale…

Hakuwa anadanganya. Kila mtu pale alimjua mtu mmoja aliyeandikwa mahali pabaya. Kayitare alimwelewa. Hicho njo kilimkasirisha, kwamba alimwelewa. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, akataka kumwaga yale maziwa yote barabarani, akakumbuka yamekwisha kunywewa.

— Minasikia, Papa Muhindo, Emérita akasema. Lakini niende nimuambie shefu banani?

Swali lilikuwa jepesi, hata mtoto wa shule ya kwanza angelijibu. Linahitaji majina mawili tu. Benchi ile ilikuwa imeeleza meno ya Letonia, mafuriko ya zamani na uzazi wa mashini, na ilikuwa haina majina mawili.

Mama Kasoki akachukua chupa ya kahawa, akaiinamisha juu ya kikombe cha Omate. Tone moja likatoka. Akaitikisa, akaifunga, akafuta mikono yake kwenye kitenge.

— Kahawa imeisha, akasema. Mumoja njo miye. Maziwa yake ninanunua tangu batoto yangu bako bila meno. Shefu aandike Kasoki, na herufi kubwa.

Akatoka nyuma ya moto wake, akaacha sufuria, akaacha vikombe vya watu, akasimama pembeni ya Emérita. Emérita akamshika mkono, lakini hakuondoka. Alikuwa amefanya hesabu yake na hesabu ilikuwa haijatimia.

— Aksanti, mama, akasema. Na wa pili?

Aliuliza akiwaangalia wale watatu. Kayitare alikuwa amechukua bidoni yake tupu, lakini hakuondoka mara moja. Aliwangoja kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu. Koch alikuwa ameirudisha telefone juu ya msumari, kwa mazoea tu, na ikalia. Mtu wa meno alijibu upesi. Ilikuwa imebaki muda kidogo mbele ya saa sita, rezo bado iko, na hakuna hata mmoja aliyesimama kusoma.